Fundi wa kutuni aliyenifungia laptopu

Hii hasira nimekaa nayo toka kabla ya masika, na kila nikisema imeisha anatokea mtu ananiuliza dada ile Forester yako ilituniwa wapi, yaani kompyuta yake ilipangwa upya wapi iongeze nguvu, na mimi nipeleke yangu, basi inaanza upya. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Gari ni Subaru Forester ya gia za mkono na ina tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, wanaozijua wanazijua. Nimeinunua kwa hela yangu na nimekaa nayo miaka minne hapa Arusha, oili nabadilisha kabla hata ya muda wake. Nilishafunga filta ya koni na eksozi, nikasoma kwamba ukibadilisha vitu hivyo inabidi na kompyuta ya gari ipangwe upya maana hewa inayoingia siyo ile iliyozoea kuhesabu. Nikaulizia fundi wa kutuni, kila mtu akanitajia kijana mmoja wa mjini hapa hapa. Zile gari zote zinazopiga kelele usiku mzunguko wa Impala ukiuliza unaambiwa ni kazi ya yule.

Siku yenyewe nilienda na mdogo wangu wa kiume, yuko chuo, leseni hana, alinisindikiza tu kwa sababu ilikuwa jioni. Fundi katoka ndani, kanipita mimi mwenye funguo mkononi, kaenda kumpa mkono yeye. "Vipi chalii wangu, ndo mnyama mwenyewe huyu?" Mdogo wangu akamwambia gari ya dada. Akasema poa, halafu akaendelea kumuuliza yule yule, inakunywa mafuta gani, imefungwa nini, mnataka nguvu ya kiasi gani. Kila swali nilijibu mimi na kila jibu alikuwa anamwangalia mdogo wangu. Nikameza. Nikajiambia umefuata kazi, hujafuata salamu.

Hakufungua boneti. Naomba hili mlisome mara mbili, HAKUFUNGUA BONETI. Hakutoa plagi hata moja kuitazama rangi, hakupima kompresheni, yaani kila silinda inagandamiza hewa kwa nguvu kiasi gani, hakuuliza ile filta ilifungwa lini wala kama sensa ya hewa ni ile ile ya zamani. Alichomeka waya pale chini ya usukani, akapakia faili lake, dakika ishirini hazikufika, tukatoka barabara ya mchepuko akaikanyaga mara mbili, tukarudi. Laki sita.

Sasa kabla sijatuma hiyo hela nilimwomba kitu kimoja. Logi. Kwa asiyejua, kompyuta ya gari inaandika kila kinachoendelea wakati unakanyaga, mzunguko wa injini, busti yaani presha ya hewa ya tabo, taimingi yaani wakati wa plagi kuwasha mafuta, mafuta na hewa, na kubwa kuliko yote kuna safu inayoonyesha kama sensa imesikia mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda ikabidi irudishe taimingi nyuma. Hiyo safu ikiwa sifuri unalala usingizi. Nilikuwa naona namba zinakimbia kwenye skrini pale nyuma nilipokaa, maana kiti cha mbele alimpa mdogo wangu, nikasogea nikamwambia kaka naomba nione, au nitumie faili nikalisome nyumbani.

Akanitazama, mara ya kwanza toka tufike. Akafunga laptopu. Wala hakuibamiza, aliishusha polepole kwa kiganja kama mtu anayefunika sufuria mgeni asichungulie, huku ananiangalia machoni. "Dada, we endesha. Haya mengine tuachie." Halafu akamgeukia mdogo wangu akasema "mademu bana", na mdogo wangu akainama akaangalia viatu vyake.

Na nikalipa. Nikamtumia laki sita kwa simu palepale.

Lazima niseme na upande wa pili. Gari ilipaa. Wiki mbili za kwanza nilimsifia huyo kijana kwa kila mtu, ukitoka Kisongo barabara imenyooka, gia ya tatu inakubandika kwenye siti. Nikasema basi, adabu hana ila kazi anaijua, wapo watu wa hivyo. Nikampelekea watu wawili wa kazini kwetu. Hilo la watu wawili linaniuma kuliko hela.

Kisha tukawa na harusi ya binamu Korogwe. Nilikuwa na mama, kakaa nyuma na kitenge chake kipya kakikunja mapajani kisijikunje vibaya. Vijijini kote nilienda 50 kwa sababu ya tochi za trafiki, tukapita Moshi, Mwanga, Same, mambo safi. Ila kule unakuwa umeshuka, na joto siyo la kwetu. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko ya pwani. Faili lililopakiwa jioni ya baridi ya Arusha likakanyagwa mara mbili, halafu unaliteremsha kwenye hewa nzito na jua la kuelekea Mombo, tabo inasukuma hewa nyingi kuliko iliyojaribiwa na hewa yenyewe imechemka. Haya nimefundishwa baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba nilitaka kupita lori, nikakanyaga, na mama akasema, "Mama, hiyo sauti kama kunde kwenye ungo ni ya gari yetu?"

Nikamwambia ni kokoto za barabarani. Niliangalia dashibodi, hakuna taa hata moja. Nikaamini dashibodi, sikuamini masikio ya mama yangu.

Karibu na Hedaru nguvu zikakatika kama mtu kavuta pazia, kwenye kioo cha nyuma naona bluu tupu, moshi mpaka basi lililokuwa nyuma likawasha hazadi. Nikaweka pembeni. Injini inatetemeka kama ina homa, oili imerushwa kila kona chini ya boneti. Tulikaa chini ya mgunga zaidi ya masaa matatu kusubiri gari ya kuvuta, mama hakunilaumu hata neno moja, alikuwa anapiga simu Korogwe anawaambia ndoa ianze tu kufungwa msitusubiri. Ndoa ya mtoto wa dada yake. Anawaambia msitusubiri, na kitenge bado kakikunja vizuri.

Laki nne kuvutwa mpaka Moshi, na Moshi ni kwa sababu dereva wa gari ya kuvuta alisema kuna mzee pale anazijua hizi injini na hapokei kazi za haraka haraka. Kesho yake asubuhi nikaenda. Shikamoo, marahaba mwanangu, eleza. Nikaeleza yote yeye anafuta mikono, hakunikatiza. Cha kwanza alipima kompresheni. Silinda tatu zilikuwa 130 na kitu, ya nne 55. Akaniita niisome geji mwenyewe, akarudia kupima mbele yangu nisije nikafikiri mashine yake mbovu. Akasema kwenye hizi injini namba nne huwa ndiyo ya kwanza kufa.

Kisha akafanya kitu ambacho miaka minne sikuwahi kufikiria. Akafungua kifuniko cha tenki, kwa ndani kuna stika ya Kijapani, akaweka kidole, akasema hii inasema petroli ya daraja la juu. Wenzetu kule petroli hiyo huwa ya oktani 100 hivi, na oktani ikiwa kubwa petroli hailipuki ovyo kirahisi, na gari hii ilipangwa kwa hiyo. Sasa mtu akichukua faili la gari ya Japani au la mtu mwingine lililopangwa kwa mafuta mengine, akakupakia wewe unayejaza sheli yoyote iliyo karibu, taimingi imesogezwa mbele na busti imepandishwa, unategemea nini? Mafuta yanalipuka ovyo, pistoni inapigwa nyundo kila mzunguko, na zile kunde za mama ndizo hizo.

Alipofungua mashine akanipa pistoni mkononi. Ule ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi ulikuwa umemeguka kipande cha kama ukucha wa kidole gumba, pamemeguka pakali, pametoboa kidogo glovu yangu. Nimeiweka nyumbani juu ya friji.

Nataka niwe wa haki. Filta ya koni nilifunga mimi, na filta inabadilisha jinsi sensa inavyohesabu hewa, labda tangu zamani injini ilikuwa inapata mafuta pungufu nikawa sijui. Injini yenyewe ina miaka zaidi ya ishirini. Na mimi ndiye niliyekanyaga kwenye jua lile na mzigo ndani. Mzee mwenyewe nilimuuliza je faili ndo limeua, akasema mwanangu kuapa siwezi, pengine ilikuwa imeshachoka ikasubiri sababu. Nilirudi Arusha na hilo neno nikakaa nalo siku kadhaa, nikaanza hata kuona aibu kwa niliyoyasema juu ya yule kijana, nikasema labda ni bahati mbaya tu, fundi gani hajawahi kuharibikiwa.

Halafu mzee akanipigia. Kaisoma kompyuta ya gari. Zile namba za hitilafu ambazo gari inaandika na kuwasha taa ikiona tatizo zilikuwa zimezimwa ndani ya programu, nyingi tu, na mojawapo ni P0171, ambayo ndo kazi yake kukuambia mafuta ni kidogo hewa ni nyingi. Yani ile taa niliyoiangalia Hedaru nikaiamini ilikuwa imefungwa mdomo! Gari ilikuwa inajua, inataka kusema, na mtu kaizuia isinisemeshe, halafu kachukua laki sita yangu, halafu kaniambia we endesha. Hapo haki yangu yote niliyokuwa namtafutia iliisha. Filta siyo filta, miaka siyo miaka, huwezi kumziba gari mdomo halafu ukamweka mama wa mtu kiti cha nyuma.

Nikawapigia wale wawili wa kazini siku hiyo hiyo. Mmoja alikuwa njiani Namanga, nikamwambia rudi taratibu, usiguse tabo.

Kwa mzee wa Moshi nako siyo kwamba kila kitu ni asali. Ovahoo, kuifumua injini na kuijenga upya, ilichukua karibu miezi miwili, simu hapokei, ukienda unamkuta anakunywa chai na gari yako iko vile vile ulivyoiacha wiki iliyopita. Niliwahi kumpandishia sauti na yeye ni mtu wa rika la baba yangu, nimemwomba radhi. Na baada ya mashine kufungwa alikataa katakata kutuni, akasema nenda kaizungushe kilomita 1,500 bila kuikamua ndo urudi, nikamwambia nitaongeza hela, akasema hela yako kaa nayo.

Niliporudi alifunga kwenye eksozi sensa ya waidibendi, inayopima uwiano wa hewa na mafuta, akachomeka waya, akafungua RomRaider, ambayo ni programu ya bure kabisa, mtu yeyote anaweza kuipakua, kumbe ile logi niliyofichwa siyo siri ya mtu. Akawasha gari, akanipa LAPTOPU MIMI, niikalishe mapajani. "Shika. Mimi naendesha. Safu hii ikitoka sifuri piga kelele. Hii nyingine ikiwa nimekanyaga mwisho na inapanda kwenda 13, 14, piga kelele zaidi." Maana ukitembea kawaida hewa na mafuta inakaa kwenye 14.7 kwa moja, ila tabo ikifungua unataka mafuta mengi, 11 na kitu, yaipoze.

Tukaenda upande wa Himo tukarudi, tukaenda tukarudi. Mara ya pili ile safu ikaonyesha hasi mbili, nikapiga kelele kweli, akaachia palepale, akaweka pembeni, akapunguza taimingi kidogo sana mahali pale pale penye tatizo, akaniuliza umeona nilichobadilisha? Nikasema nimeona. Mara ya nne sifuri kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Busti kaacha ile ya kiwandani, akasema kwa mafuta unayopata inakutosha. Logi zote nne kaniwekea kwenye flashi. Gari haina ule wazimu wa zile wiki mbili, nisidanganye, kuna siku nakumbuka ule msukumo wa Kisongo. Ila nimeshampeleka mama Korogwe na kurudi.

Wiki iliyopita yule kijana kanitumia meseji, nadhani kasikia kwa wale wa kazini. Dada tulimalize kiutu uzima, nitakurudishia nusu, usiniharibie jina. Nikamjibu hela nazitaka, tena zote, lakini anza na kile nilichokuomba siku ile, nitumie logi ya gari yangu. Kaisoma dakika hiyo hiyo, tiki za bluu naziona. Hajajibu.