Riwaya za mapenzi ya zamani: ipi ununue kwanza, ya karatasi au ya sauti

Kabla sijatoa hela kwa riwaya ya mapenzi iliyowekwa zamani, huwa najiuliza jambo moja: wapenzi hawa wakihamishiwa Sinza ya Dar au Kilimani ya Nairobi leo, wakapewa simu, kisa chao kitabaki vilevile? Kikibaki vilevile, basi hiyo zamani ni pazia tu, na pazia silinunui kwa bei ya kitabu. Riwaya inayostahili hela ni ile ambayo kinachowatenganisha wapenzi kimetoka ndani ya zama zao: deni la baba, vita vya Wazungu, jina la bibi lililoharibika miaka sitini nyuma.

Ndiyo maana orodha hii imeelemea pwani yetu na bara lake. Mabibi na mabwana wa London ya 1813, waliopata wasomaji wapya Netflix ilipoanza kuonyesha Bridgerton mwishoni mwa 2020, sikuwapanga. Huwa nawasoma na kucheka, lakini hawahitaji mwongozo. Nairobi utawakuta wametandazwa kando ya njia, pale panapoitwa kwa utani "inama bookshop". Ukiinama, chagua jalada unalolipenda. Tofauti ya ndani ni ndogo.

Nimepanga kuanzia ile ambayo ningemnunulia mtu bila kusita.

1. Desertion, Abdulrazak Gurnah (2005): nunua ya karatasi

Ni 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda msikitini na kumkuta Mzungu aliyechoka hoi, hana kitu. Anamchukua nyumbani. Mzungu huyo ni Martin Pearce, na nyumbani kwa Hassanali yuko dada yake, Rehana, mwanamke ambaye mume alisafiri akapotelea huko. Yatakayofuata unaweza kuyakisia, lakini Gurnah hakuandika kitabu cha kukisia. Pale tu mapenzi yanapoanza kupata moto, anakukata na kukurusha nusu karne mbele, Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa kijana Amin na mwanamke anayeitwa Jamila.

Wasomaji wengi huudhika na huo mruko. Wanataka kujua Martin na Rehana walianzaje, nani alisema nini kwanza. Mimi naona ndipo uhodari wa kitabu ulipo, kwa sababu msimulizi mwenyewe anakiri kwamba jambo lile lilizungukwa na ukimya kiasi kwamba hakuna wa kulisimulia kwa uhakika. Jamila ni mjukuu wa Rehana. Wazazi wa Amin hawana neno na uzuri wake wala adabu yake. Wana neno na bibi yake. Aliyekulia mji wa pwani ambako kila nyumba inajua nasaba ya nyumba nyingine hatahitaji kufafanuliwa. Hapo kipimo changu kinajibiwa chote: hao wawili hawatengani kwa ugomvi, wanatenganishwa na kitu kilichotokea kabla hawajazaliwa.

Nasema karatasi kwa sababu utarudi nyuma. Utasoma jina katika sura ya mbele, ukumbuke umelipita mahali, ufungue kurasa kulitafuta. Ukiwa umevaa spika za masikioni kazi hiyo ni adhabu.

2. Vuta N'kuvute, Adam Shafi (1999): karatasi

Najua. Wengi mliipitia kidato cha tano na sita mkiwa mnahesabu dhamira na matumizi ya tamathali, na mlipomaliza mtihani hamkutaka kuiona tena. Irudieni. Riwaya iliyosomwa kwa ajili ya maksi ni kama haijasomwa.

Yasmin ni binti wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka wa umri wa kumzaa. Anatoroka, anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke wa taarab asiyemwogopa mtu, na huko anakutana na Denge, aliyesoma Urusi na ambaye polisi wa Mwingereza hawampi nafasi ya kupumua. Hapa mapenzi na siasa havikugawiwa sura tofauti. Kila wapenzi wanapopata saa moja ya faragha, mlango unaweza kubishwa na askari. Na upande wa pili kuna ndugu wa Yasmin, ambao kwao kosa si kumkimbia mume tu, bali kumkimbilia nani.

Kiswahili chake ndicho kinachoipandisha hadi nafasi ya pili. Mazungumzo ya Mwajuma peke yake yanatosha bei. Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu Denge hubaki mtu wa msimamo zaidi kuliko mtu wa moyo. Zipo kurasa ambapo namwelewa kwa nini anapigana kuliko ninavyoelewa kwa nini Yasmin anampenda. Filamu ya Amil Shivji ya 2021, yenye jina hilohilo, ilinifanya nimwone Denge kwa jicho jingine, lakini soma kitabu kwanza.

3. Afterlives, Abdulrazak Gurnah (2020): hii isikilize

Riwaya iliyotoka mwaka mmoja kabla mwandishi hajapewa Nobel ya Fasihi ya 2021. Ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, Maji Maji ikiwa bado mbichi katika kumbukumbu, kisha Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Hamza, kijana aliyejiandikisha mwenyewe kuwa askari, anaangukia mikononi mwa afisa wa Kijerumani anayemfundisha lugha yake ili aweze kumsoma Schiller, mshairi wa Kijerumani. Kando ya hayo, mbali na kambi, kuna Afiya, msichana yatima aliyepigwa na mtu aliyemlea hadi mkono ukavunjika, kosa lake likiwa kujua kuandika.

Weka mambo hayo mawili pamoja uone kilichofanyika. Hamza anarudi kutoka vitani akiwa na kidonda na hana kwao, anapata kazi kwa mfanyabiashara, anamwona Afiya. Na anapotaka kumwambia, anamwandikia kwenye karatasi ubeti wa Schiller alioutafsiri kwa Kiswahili. Lugha aliyoipata kwa kudhalilishwa inakwenda kwa msichana aliyeumizwa kwa sababu ya herufi. Hakuna kisa cha kimapenzi cha miaka ya karibuni nilichokipenda kuliko hicho, na mwandishi anakipita kwa aya chache, bila kupiga zumari.

Sauti inakisaidia kitabu hiki kwa sababu ya nusu yake ya kwanza. Sura za vita ni ndefu, zina kuzunguka na njaa na kuungua kwa vijiji, na mtu anayesoma usiku baada ya kazi huweka kitabu chini. Sauti hukuvusha. Unapika, unafua, askari wanatembea, na ghafla umefika kwa Afiya. Ila usinunue kabla ya kusikiliza kionjo cha bure. Tafuta sehemu yenye majina ya watu na maneno ya Kiswahili. Msomaji anayekosea mkazo wa majina atakuchosha mpaka sura ya mwisho.

4. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, Aniceti Kitereza (1980): karatasi, ukiipata

Si ya karibuni, na inavunja kila kanuni ya mwongozo wa kununua: nene kupita mto wa kulalia, na nakala si rahisi kuipata. Kitereza aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, akaimaliza 1945, na ikapita miaka thelathini na zaidi kabla haijachapishwa kwa Kiswahili. Alifariki 1981.

Lakini onyesheni riwaya nyingine ya mapenzi inayoanza pale nyingine zinapoishia. Myombekere na Bugonoka wameshaoana na wanapendana. Hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anakwenda ukweni kuomba, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika kuitengeneza. Ndiyo, utasoma kurasa kadhaa za kutengeneza pombe. Usiziruke, kwa sababu jasho lile ndilo tamko la mapenzi lenyewe. Ukerewe ya kabla ya ukoloni imo humo nzima, kilimo, uvuvi, dawa, salamu, namna ya kumkaribisha mgeni. Anayetaka kasi aache. Anayejua kuwa ndoa ni kazi ya mikono atakaa nayo mwaka.

5. Peponi, Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022): karatasi

Ni Paradise ya 1994 kwa Kiswahili, imetolewa na Mkuki na Nyota. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapowekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Anasafiri na msafara hadi bara, anarudi kijana, na katika bustani ya tajiri anampenda Amina, ambaye naye yupo pale kwa sababu ya deni. Aliyekua akisimuliwa kisa cha Nabii Yusuf na Zulekha atajua mapema nyumba ile ina hatari gani.

Mapenzi yenyewe yamekuja mwishoni na ni machache, hivyo sikuipandisha. Kama hujawahi kumsoma Gurnah na Kiingereza kinakuchosha, anzia hapa, na uisome taratibu.

6. Out of Darkness, Shining Light, Petina Gappah (2019): sauti, angalau nusu ya kwanza

Watu waliobeba maiti ya David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia 1873, hadi Bagamoyo. Msimulizi wa kwanza ni Halima, mpishi, mwenye ulimi mkali, ambaye ndoto yake ni nyumba yake mwenyewe Zanzibar aliyoahidiwa na Livingstone. Huyu anafaa kusikilizwa: anasengenya, anaruka, anarudi, anajua nani analala na nani katika msafara mzima. Kisha anachukua nafasi Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari, na shajara yake imejaa sala na majivuno. Mwandishi amekusudia hivyo, nami nakubali amefaulu, ila huwezi kunilazimisha nifurahie. Mapenzi hapa ni kiungo, si chakula.

7. Dance of the Jakaranda, Peter Kimani (2017), na The Dragonfly Sea, Yvonne Adhiambo Owuor (2019)

Naziweka pamoja kwa wanaotaka Kenya. Ya Kimani inaanza na busu gizani katika hoteli ya Nakuru wakati wa uhuru, mwimbaji kijana asijue ni nani aliyembusu, na kumtafuta huko kunarudi nyuma hadi babu yake aliyetoka Punjab kuja kujenga reli. Kianzio kizuri sana, katikati kunalegea. Ya Owuor inamtoa msichana Ayaana kisiwani Pate hadi China, kwa sababu ya mabaharia wa Zheng He, amiri wa Kichina wa karne ya 15. Sentensi zake ni za kishairi mno kwa sikio langu, kwa hiyo karatasi.

Theft ya Gurnah (2025) nimeiacha nje ya mpango kwa kuwa vijana wake watatu ni wa zama zetu, Zanzibar na Dar ya juzi tu. Ni kitabu kizuri cha ndoa inayochacha, na aliyemaliza hizo za juu aitafute.

Kuhusu simulizi za YouTube na zile za vipande vya WhatsApp, unazolipia kwa M-Pesa kila sehemu ikifika penye utamu: nazisikiliza pia, na baadhi ya wasimulizi wana sauti ambazo wachapishaji wangepaswa kuziwinda. Za kihistoria, hata hivyo, ni chache, na mara nyingi riwaya ya mtu imesomwa bila ruhusa yake. Kama jina la mwandishi halitajwi mwanzoni, mimi nafunga. Mafaili ya PDF yanayozungushwa kwenye magrupu nayo ni hivyohivyo.

Kununua: za Kiswahili, Dar nenda duka la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora, na uulizie Peponi na Vuta N'kuvute kwa pamoja. Nairobi, Text Book Centre au Prestige mtaa wa Mama Ngina wanaweza kukuagizia za Kiingereza zisipokuwa rafuni. Vitabu vya sauti kwa Audible, duka la mtandaoni la vitabu hivyo, hulipiwa kwa dola, na asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa. Uanachama wa mwezi hukupa kitabu kimoja, kwa hiyo utumie kwa kilicho ghali, kisha usitishe hadi utakapotaka kingine. Na ninyi mlioko Uingereza au Marekani, msinunue kwanza. Chukueni kadi ya maktaba ya mji wenu, muingie Libby, programu ya kuazimia vitabu vya maktaba kwenye simu, mtafute Afterlives. Ikiwa imeazimwa, jiwekeni kwenye foleni na muanze na ya Halima.