BBC Learning English kwa Aliyekwishamaliza Kidato cha Nne: Tathmini ya Mhudumu wa Mapokezi

Asubuhi moja mgeni aliteremka hadi mapokezi akaniambia, “We've run out of hot water.” Nilisikia kila neno, nikayaunganisha yote, nikaelewa kwamba yeye na mkewe wamekimbia nje kwa sababu ya maji ya moto, nikatoka mbio na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kumbe maji ya moto yalikuwa yamewaishia tu.

Ninafanya kazi katika nyumba ya wageni mjini Moshi, ambako wengi hulala kabla ya kupanda Kilimanjaro au baada ya kushuka. Kama Watanzania wengi, nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha nikaingia sekondari na kukuta baiolojia, jiografia na hisabati zikifundishwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana hadi leo naweza kueleza usanisinuru na mmomonyoko wa udongo kwa lugha hiyo, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kusema kwamba bomba linavuja, shuka hazijakauka au sina chenji ya kutosha. Pengo hilo ndilo lililonipeleka kwenye masomo ya BBC Learning English, ambayo nimeyafuata kwa miezi minane sasa.

Shirika la BBC lilianza kufundisha Kiingereza kwa njia ya redio mwaka 1943, na siku hizi masomo hayo hupatikana kwenye tovuti yake na kwa njia ya podikasti, bila malipo. Kipindi kinachojulikana zaidi ni 6 Minute English. Watangazaji wawili huzungumzia jambo moja, kama vile usingizi, chakula au fedha, huanza kwa swali ambalo jibu lake hulitoa mwishoni, na kabla ya kuagana hurudia maneno na mafungu sita ya maneno waliyoyatumia. Mazungumzo yote huwekwa pia kwa maandishi, na hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nasikiliza mara mbili bila kusoma, kisha nafungua maandishi, na mara nyingi niligundua kwamba neno nililodhani silijui nililijua tangu kidato cha kwanza, ila sikuwahi kulisikia likitamkwa katikati ya maneno mengine. Darasani “a cup of tea” yalikuwa maneno manne. Midomoni mwa wenyewe, lile “of” hufifia karibu kutoweka.

Hata hivyo, sifa kubwa ya masomo haya ni kwamba hayafundishi neno likiwa peke yake. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Sisi tunapotaka maana mpya hunyambua kitenzi chenyewe: pika, pikia, pikwa, pikisha. Mwingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo na kukiwekea kijineno nyuma, na kijineno hicho hugeuza kila kitu, kiasi kwamba “look for” ni kutafuta, “look after” ni kutunza, “look into” ni kuchunguza na “look down on” ni kudharau. Aliyekariri kwamba “look” ni kutazama, akaishia hapo, hana tofauti na mimi na kile kisanduku changu.

Kipindi cha The English We Speak, ambacho hufundisha nahau moja kwa dakika chache, kinachekesha, lakini nimekitumia kidogo mno. Wageni wangu wengi ni Wajerumani, Waholanzi na Wafaransa, ambao nao walijifunza Kiingereza darasani kama mimi, na nikiwarushia nahau ya mitaa ya London watanikodolea macho. Anayehudumia Waingereza pekee huenda akaona tofauti.

Kilichonifaa kupita vyote ni mfululizo wa zamani kidogo uitwao English at Work. Ni igizo la sauti kuhusu Anna, mfanyakazi mpya wa Tip Top Trading, kampuni ya kubuni inayouza matunda ya plastiki, na kila sehemu hushughulikia jambo moja la kazini, kama vile kupokea simu, kuomba radhi au kumtuliza mteja mkali. Kwa Kiswahili, adabu yetu imo ndani ya “naomba”, kwa hiyo “naomba pasipoti yako” haimuudhi mtu. Mimi nilikuwa nasema “Give me your passport”, nikitegemea tabasamu likamilishe kilichobaki. Sasa nasema “Could I have your passport, please?”, na nimeacha kujiuliza kwa nini adabu yao hutumia kitenzi cha wakati uliopita kuombea kitu cha sasa hivi.

Upungufu upo. Katika vipindi hivi maelezo yote ni kwa Kiingereza, hivyo asiye na msingi kabisa atachoka wiki ya kwanza, na ningemshauri aanze na mwalimu anayeweza kumfafanulia kwa Kiswahili. Pia podikasti haimsahihishi mtu matamshi; mimi humlipa mwongoza watalii mmoja kwa chai ya jioni ili anikosoe. Kuhusu bando, sauti hula kidogo kuliko video, na vipindi huweza kupakuliwa kazini na kusikilizwa kwenye daladala.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne na kujikuta ana Kiingereza cha mtihani tu, ninayapa masomo haya nyota nne kati ya tano. Wiki iliyopita Mwingereza mmoja alikuja mapokezi akasema, “The shower's playing up.” Sikuwa nimewahi kuusikia msemo huo. Nikamwomba radhi, nikamuuliza anamaanisha nini, naye akanieleza kwamba bafu linamsumbua, maji yanakuja na kukatika. Nikaandika “playing up” kwenye daftari langu, ukurasa wa bafuni, kisha nikampigia simu fundi.