RowaPhos dhidi ya mwani wa nyuzi: tathmini baada ya miezi mitano

Tangi langu la matumbawe lina lita 200, na kwa karibu mwaka mzima mawe yake yalifunikwa na mwani wa kijani wenye nyuzi ndefu, hadi matumbawe madogo yakaacha kufunguka. Kipimo kilipoonyesha fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani, miligramu 0.25 kwa lita, ilhali wafugaji wengi hujitahidi kubaki chini ya 0.1, nilinunua RowaPhos, yaani chembechembe za hidroksidi ya chuma zinazonasa fosfeti majini.

Bidhaa hii haiui mwani, bali huunyima chakula, kwa hiyo kazi ya mikono haikwepeki. Kila Jumamosi nilitoa mawe madogo na kuyasugua kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo. Wiki tatu za kwanza kipimo hakikushuka, nami nikakaribia kukata tamaa, kumbe mawe yenyewe, kwa kuwa ni ya chokaa, yalikuwa yamenyonya fosfeti kwa muda mrefu na sasa yalikuwa yakiirudisha majini. Nilipobadilisha chembechembe kwa mara ya pili, nyuzi zilipauka, zikawa zinang'oka kwa kuguswa tu, na chini yake nikakuta tumbawe moja nililodhani limekufa likiwa bado hai.

Chembechembe hizi lazima zisuuzwe mpaka maji yaache kuwa mekundu kama ya mvua kwenye barabara ya udongo. Mara ya kwanza niliharakisha, na vumbi likatua juu ya matumbawe. Ninasisitiza pia kuanza na nusu ya kiasi, kwa sababu fosfeti ikishuka ghafla matumbawe hudhoofika, na ikiisha kabisa huweza kuzuka dinoflajelati, ule ute wa kahawia wenye mapovu, ambao ni msumbufu kuliko mwani.

Fosfeti yangu ilitokana na chakula kingi nilichowapa samaki. Anayeishi hapa Uingereza na kujaza tangi kwa maji ya bomba asianze na kopo hili: kampuni nyingi za maji huongeza fosfeti kwa makusudi ili risasi, metali yenye sumu iliyomo katika mabomba ya zamani, isiyeyuke majini, hivyo fedha zake zinafaa kwanza kununulia chujio la osmosisi, linaloondoa fosfeti kwenye maji ya bomba kabla hayajaingia tangini, la sivyo kila anapobadilisha maji atakuwa anairudisha fosfeti ile ile anayolipia kuiondoa.