WebFinger au rekodi ya DNS: mtumiaji apatikane vipi?

Ukiunda mtandao wa kijamii wa seva nyingi hapa Dar, swali halikwepeki: mtu wa seva nyingine atampataje mtumiaji wako?

WebFinger, utaratibu wa kutafuta akaunti uliochapishwa mwaka 2013 kama RFC 7033 (waraka wa viwango vya intaneti), hupita kwenye HTTPS, njia ileile ya tovuti za kawaida. Seva ya mwenzako inauliza anwani ya /.well-known/webfinger kwenye seva yako, inarudishiwa JSON (data ya maandishi iliyopangwa) yenye anwani ya akaunti. Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi, huitegemea, kwa hiyo ukitaka kusikilizana nayo huna ujanja. Msimbo wake ni mfupi, gharama karibu hakuna. Ila seva ikikaa ofisini Kijitonyama na umeme ukakatika, utafutaji nao umelala.

Hapo rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaotaja akaunti) kwenye DNS, mfumo wa majina ya vikoa vya intaneti, inashinda; ni mojawapo ya njia za mtandao wa kijamii wa Bluesky, maana DNS mara nyingi iko kwa mtoa huduma mwingine. (Jina litaonekana, akaunti haitafunguka hadi seva iwake.) Usumbufu ni matunzo: rekodi moja kwa kila jina, kazi inayochosha haraka.

Chuo chenye mamia ya watumiaji chini ya kikoa kimoja, ningekiwekea WebFinger. Duka lenye .co.tz yake, linalotaka kuhama seva bila kupoteza jina, DNS. Ukihudumia wote, weka zote mbili, hazigombani.