Kadi za kuhesabia 1 hadi 10: anza kuikagua ya nane

Sita, saba, tisa na kumi havibadiliki: watoto sita, viti saba, mayai tisa. Kwa hiyo kadi hizo nne ni vigumu kuzikosea. Ukitaka kujua kama aliyetengeneza seti anakijua Kiswahili, chomoa ya nane.

Katika seti hii, mbele ya kadi kuna tarakimu 8, neno "nane" na vitone vinane katika safu mbili, kila safu vinne. Hapo wamepatia. Vitone vikizidi vinne jicho haliwezi kujua idadi kwa kutupia tu, lazima mtoto ahesabu, na vikitawanywa ovyo ataruka kimoja au atakirudia. Ila tarakimu yenyewe haina mstari chini kama ilivyo kwa 6 na 9. Kadi ikipinduliwa, duara kubwa linakaa juu, na mtoto anaiga vivyo hivyo.

Tatizo liko nyuma. Miti minane, viti vinane, nyumba nane: sawa zote (nyumba haidai kiambishi, si kosa la chapa). Halafu, "watoto wa nane". Nafasi moja tu, maana imeharibika! Wanane ni idadi. Wa nane ni yule aliyetanguliwa na saba. Bandika stika nyeupe uandike upya. Ukijaribu kuziba pengo kwa kalamu, bado litaonekana.

Kadi ya saa ndiyo mbovu kuliko zote. Mshale mfupi uko kwenye 8, chini imeandikwa "saa nane". Saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza, hivyo saa nane mshale mfupi huwa kwenye 2; ukiwa kwenye 8 ni saa mbili. Soma namba iliyo upande wa pili wa saa, mkabala na ile inayoonyeshwa na mshale mfupi, hutakosea. Kadi hiyo iweke kando mpaka mtoto azijue saa, kisha mpe atafute kosa.

Seti inaishia kumi, kwa hiyo yanayofuata utayafundisha mwenyewe: watoto kumi na wanane, si "kumi na nane", na 80 ni themanini, neno jingine kabisa, ambalo mtoto hawezi kulibuni kutokana na nane.

Kwa kuhesabu vitone, nunua. Kwa kusomea maneno, subiri wachape upya.