Mtaro umeziba Nyalenda, Kisumu: kundi la WhatsApp au Facebook?

Kwa kuwaleta majirani na majembe, kundi la WhatsApp halina mpinzani. Taja siku, saa, mahali pa kukutana na nani analeta toroli. Ujumbe usio na saa huishia kujibiwa "sawa" na mtu haji. Tatizo ni mipaka: kundi huchukua watu 1,024, na ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati.

Facebook hufika nje ya mtaa. Weka picha mbili, moja ionyeshe jengo linalotambulika, andika tarehe, taja ukurasa wa kaunti. Nyuso za watoto, tafadhali, zisionekane. Ila wengi watakaotoa maoni wako mbali, kwa hivyo tungeanza na WhatsApp.