Godoro la mgonjwa wa kiuno: lipime kwa mizani

Nashona nguo karibu na Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwa hiyo kutwa nimeinamia cherehani. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja mpaka kifundoni, kama mtu anavuta uzi wa moto. Jirani akasema ni ngiri. Shemeji akasema figo. Daktari alinilaza chali, akanyanyua mguu ukiwa umenyooka, na kabla haujafika nusu nikapiga kelele. Akasema neva imebanwa kwenye pingili za chini za mgongo. Wenyewe wanaita siatika. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa, akasema, mradi mtu asijilaze kutwa nzima, atembeetembee. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, unalalia nini?"

Nilikuwa nalalia godoro la inchi 4 lililobonyea katikati kama mtumbwi.

Nikakimbilia dukani kununua jingine na nikakosea tena. Muuzaji alinipa gumu kama meza: "Hili ni othopediki, mama, ndiyo dawa ya mgongo." Miezi mitatu nikaamka na bega linauma, nyonga inauma, na kiuno kile kile. Hii imani kwamba mgongo unataka kulala pagumu tumeirithi kwa wazee, lakini haijasimama. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Kundi moja lilipewa magodoro magumu, jingine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliokuwa na nafuu zaidi.

Kabla hujatoa hela ya godoro, nyanyua lako uangalie chaga. Kitanda changu kilikuwa na chaga saba, mbili zimepinda, moja imeteguka, na nafasi kati yake mguu wa mtoto unapita. Godoro lolote litazama hapo. Fundi seremala aliniongezea mbao na kuzikaza kwa misumari siku hiyo hiyo, kwa hela ndogo. Kuna watu matatizo yao yanaishia hapa. Jaribu pia mto kati ya magoti ukilala ubavu, au chini ya magoti ukilala chali. Ndiyo tiba rahisi kuliko zote kwenye ukurasa huu, na mto unao tayari.

Kama godoro lenyewe limekufa, ninaloweka namba moja ni la sponji nzito yenye ugumu wa wastani, inchi 8. Neno la kushika ni nzito. Sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu dukani ikakudanganya, halafu baada ya mwaka ikabonyea pale nyonga zinapokaa. Maandishi kwenye kitambaa mimi siyasikilizi tena. Kila godoro siku hizi ni othopediki. Mara ya pili nilikwenda na mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa mama muuza dagaa. Tulilikunja godoro, tukalifunga kamba, vijana wawili wakalining'iniza. Mzee mmoja akapita akacheka: "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "hao ni dagaa gani?"

Hesabu yake ni hii. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Likiwa na kilo 18, sponji yake ni kama kilo 32 kwa mita ya ujazo; hilo chukua. Likiwa na kilo 9 tu, ni kama kilo 16, na hilo ni la mgeni anayelala siku mbili. Mimi chini ya kilo 14 kwa saizi hiyo silinunui, hata muuzaji aape vipi. Bei siandiki, kwa sababu ya Makoroboi na ya Igoma hazifanani, na zote zinashuka ukijifanya unaondoka.

Uzito unakwambia litadumu, haukwambii litakufaa. Kwa hilo, lala juu yake dakika kumi bila haya, kwa mkao unaolala nyumbani. Ukiwa chali, ingiza kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa ulaini kama chini ya mlango, ni gumu mno. Kikikataa kabisa na makalio yamezama, ni laini mno. Unataka kipite kwa kubanwabanwa.

La pili ni la matabaka: chini kuna mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa, juu sponji laini. Linamfaa mtu mwenye mwili mkubwa. Hapa mizani haikusaidii, maana hiyo sponji ya kusagwa ni nzito kwa asili yake. Omba afungue zipu uone: tabaka la juu likiwa chini ya inchi 2, umenunua meza niliyonunua mimi.

La springi naliweka la tatu. Linapitisha hewa, na usiku wa joto wa Mwanza hilo si jambo dogo. Ila springi za bei nafuu hulegea upande anaolala mtu mzito. Halafu kuna suala la kufika nalo. Godoro la sponji linakunjwa, bodaboda anafunga, anapanda. La springi halikunjiki, na kama unakaa juu ya mawe kule Bugarika, utawalipa watu wawili walibebe kichwani kwenye vile vinjia.

Lililotumika, la mtu anayehama, ni la mwisho. Limeshashika umbo la mwenzako.

Na ile mikanda ya kiuno? Ninao mmoja. Unanipa nafuu nikinyanyua jora la kitambaa, basi. Hautibu neva, kwa hiyo hela ya godoro isiishie huko.

Kuna dalili ambazo hakuna godoro litakalozigusa: kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka, ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mguu kulegea mpaka ndala zinavuka zenyewe. Hapo hospitali usiku huo huo, Bugando au yoyote iliyo karibu, usisubiri kupambazuke. Neva zikibanwa namna hiyo, kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu.

Ukishachagua, dai risiti yenye saizi na unene, kisha pima unene kwa futi kamba mbele yake. Lile gumu la kwanza kununua lilikuwa "inchi 8" kwa mdomo, kwa futi yangu ya kushonea likatoka 7. Lilalie usiku mmoja likiwa na nailoni yake, kwa sababu ukishaivua hakuna duka linalolirudisha. Usiku wa pili ivue yote. Najua wengi tunaiacha mwaka mzima ili godoro libaki jipya, tunaamka tumelowa jasho na shuka limejikusanya miguuni.